Kifaa cha Pili

Ieleweke kwa wote watakaosoma maandishi haya kwamba mimi, mwandishi, natangaza rasmi na kwa akili timamu kuwa sikuhusika hata chembe na yaliyotokea nyumbani kwetu Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka bwenini na nilikuwa chumbani nikijisomea Biolojia. Kitabu kilikuwa wazi mezani. Kuhusu kitabu, nasema kweli tupu.

Sasa tuingie kwenye mapenzi. Pale ambapo sikuwepo nilisimuliwa, na pale ambapo sikusimuliwa, kuta zetu ni nyembamba.

Dada yangu ni mchoraji wa ramani za nyumba. Mpenzi wake ni fundi saa. Walikutana kwenye duka la kutoa kopi, mchana, watu wamebanana hadi mlangoni, mashine zinanguruma na hewa inanuka karatasi ya moto. Dada alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, laptopu ameikumbatia kama kichanga. Alitakiwa kutuma ramani kabla ya saa saba, na mtandao wa duka ulikuwa umekufa.

"Utarudi saa ngapi?" alimuuliza mwenye duka.

"Ukirudi utauona."

Nyuma ya dada alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi mpaka linatisha.

"Dada, tumia wa kwangu," akasema. "Nawasha hotispoti kwenye simu, laptopu yako inapitia humo. Tafuta jina Fundi Saa. Neno la siri ni sichelewi, herufi ndogo zote."

Ramani ikaondoka dakika kumi kabla ya saa saba. Dada akafunga laptopu, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Kaka, una jicho la tatu kwenye paji la uso."

Kijana akapapasa, akakuta ile lenzi yake ya kuangalizia saa.

"Ndiyo maana tangu asubuhi watu wananiamkia kwa heshima," akasema.

Basi yakaanza. Simu ya dada ni ile ya vitufe, intaneti haiijui, kwa hiyo kwa miezi minane Fundi alikuja kila jioni na simu yake. Aliiweka dirishani juu ya kopo la sukari, mahali pekee penye mtandao wa maana, na ilipopata moto aliipepea kwa daftari langu la Hesabu.

"Simu unaipepea, mimi hunipepei," dada alilalamika.

"Simu inapata moto kwa kazi, malkia wangu. Wewe unapata kwa hasira."

Kisha ikaja barua. Kampuni kubwa ya mji wa mbali, safari ya siku nzima, ilitaka kumsaili dada kwa njia ya video. Ilikuwa ndiyo kazi aliyoiota tangu chuoni.

"Hongera," Fundi akasema. "Na mimi nitabaki nikipepea nini?"

Dada alicheka. Fundi hakucheka.

Jumanne jioni akaiacha simu kwetu. "Nimeweka bando la wiki nzima. Wateja wakinipigia, waambie nimekufa."

"Usife kabla sijapata kazi, mpenzi."

Jumatano saa nne kamili dada alikaa mbele ya laptopu, juu koti la ofisini, chini kaptura ya kulalia yenye picha za bata. Wasaili walikuwa wanne. Mkubwa wao akamuuliza angeweka wapi ngazi katika nyumba nyembamba, na dada akaanza kujibu kwa sauti ya mtu anayejua. Skrini ikaganda. Simu ikaleta ujumbe: bando lako limekwisha.

"Halo?" dada akasema. "Halo? Mnanisikia?"

Alipopata simu ya jirani, walikuwa wamemwita mwombaji mwingine.

Chumbani kwangu, wakati huo, hakukutokea jambo lolote linalofaa kuandikwa.

Fundi amekodi meza ndani ya duka la miwani. Dada akapiga simu ya duka hilo.

"Uliniambia bando la wiki."

"Niliweka la wiki."

"Limekatika dakika ya ishirini. Hukutaka niondoke, Fundi. Sema tu."



"Nisamehe," Fundi akasema.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nisamehe." Akakata.

Siku mbili dada hakugusa kalamu. Simu ililala kwenye droo. Mimi nikashindwa kumeza chai.

"Na wewe unaumwa nini?" mama akauliza.

"Biolojia, mama."

Jumamosi dada akavaa lile gauni la kijani, akanichukua kama shahidi kwamba hatalia, tukaenda kurudisha simu. Duka la miwani limejaa vioo. Kila nilipogeuka, nilijikuta nikijitazama.

"Simu yako," dada akasema.

Fundi hakuipokea. Macho yalikuwa mekundu, shati halijapigwa pasi.

"Niambie kitu kimoja," dada akasema. "Uliomba msamaha wa nini?"

"Niliomba mtandao ukatike," Fundi akajibu. "Njia nzima nikirudi kwangu Jumanne. Uliponiambia umekatika, nikaona kama nimeukata kwa mkono wangu. Lakini bando niliweka, na lile la wiki." Akavuta pumzi. "Alhamisi, kwa kompyuta ya duka hili, niliwaandikia wale wa kampuni kwamba kosa ni la simu yangu, si lako. Jana wamejibu. Jumatatu saa tatu, uwe tayari."

Dada akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Na nikipata?"

"Nitakuja. Saa zinaharibika kila mji."

"Unanichumbia, au unatafuta wateja?"

"Vyote viwili, malkia wangu."

Dada akacheka na machozi juu. Ningependa kuishia hapo, na nilikwisha kugeukia mlango.

"Ngoja kwanza," dada akasema. "Jumatatu isije ikatukuta tena." Akafungua ukurasa wa hotispoti kwenye ile simu. Orodha ilikuwa pale, kila kifaa na data kiliyotumia siku ya Jumatano. Laptopu yake, kidogo sana. Kifaa cha pili, bando lote lililobaki.

"Fundi, unamjua mtu anaitwa Mkuu wa Bweni?"

"Simjui."

Dada akageuka taratibu. Kwenye vioo vyote waligeuka akina dada ishirini.

"Ni mimi," nikasema. "Tableti yangu. Nilikuwa napakua mchezo wa mbio za magari. Nilikusikia unajibu lile swali la ngazi, nikaona zimebaki asilimia nne, nikasema acha zimalizike."

Dada akaiweka simu mezani.

"Na ulipokatika nilikusikia, dada. Ulisema halo mara mbili. Nikapunguza sauti ya tableti ili nawe usinisikie. Kitabu kilikuwa wazi kweli. Tableti ilikuwa juu yake."