Jumapili Arobaini na Sita

"Karani, tangu lini wiki ikaanza Alhamisi?"

Metroni alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, miwani imemshukia puani, kidole chake kimegusa kioo cha kompyuta. Nikaangalia. Kweli, jedwali lilianza na Alhamisi, ikafuata Ijumaa, halafu Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatano, na Jumatatu maskini imetupwa mkiani. Nikamweleza kwamba kompyuta imepanga kwa alfabeti. Siku za Kiingereza inaujua mfuatano wake, hizi zetu inaziona ni maneno tu kama maneno mengine.

"Basi ifundishe," akasema. "Wakubwa wanalitaka saa nane. Kuna watu wanalalamika kwamba Jumapili ni za kwao peke yao, wenzao wanakula raha. Nataka kuona nani na nani."

Mimi ni karani wa zamu hospitalini, mwaka wa sita sasa. Kila wiki naandika zamu za wauguzi wa wodini. Idara kama maabara na eksirei zina wakuu wao, wanajipangia kwenye karatasi zao. Ijumaa ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza zamu za hospitali nzima, za mwaka mzima, kunifikia mezani kwa pamoja.

Nikafungua sehemu ya kupanga, nikachagua mpangilio wa kujiwekea mwenyewe, nikaandika siku saba moja moja kama mtoto wa chekechea, Jumatatu juu, Jumapili chini. Nikahifadhi. Nikaiamuru ipange kwanza kwa siku, kisha kwa idara, kisha kwa jina. Wiki ikarudiwa na akili zake. Jumapili zote za mwaka zilizokuwa zimebanwa katikati zikashuka chini, zikakaa pamoja.

Na mimi, kwa ujinga wa mtu aliyependa, nikashuka hadi Jumapili za eksirei ili nilione tu jina la mtu wangu. Halikuwepo.

Mtu wangu huyo hospitali nzima humwita Eksirei, kwa kuwa yeye ndiye mpiga picha za mifupa, na pia kwa kuwa anakuona hadi ndani ilhali ya kwake huyaoni. Ni mpole, hana maneno mengi. Tulikuwa na miezi kumi na moja ya mapenzi, na Jumamosi ya wiki inayofuata alikuwa aje nyumbani kujitambulisha kwa baba yangu. Sikuwa na la kumlaumu isipokuwa kazi yake, maana kila Jumapili alikuwa zamu. Simu zetu za siku hiyo zilifanana kama sare za shule.

"Nipo zamu mpenzi. Leo watu wanavunjika kama wameagizwa."

"Pole na kazi. Umekula?"

"Nitakula foleni ikipungua. Usije huku, mionzi mitupu."

Nami nakaa. Nimepanga chumba na sebule kwenye jengo lenye familia nyingi, na Jumapili kila mlango una wageni isipokuwa wangu. Nasikia vijiko, nasikia watoto wanafukuzana kwenye ngazi, nasikia mtu anacheka hadi anakohoa. Nafua shuka ambalo si chafu. Sitoki, isije ikawa ametoka mapema akakuta nimefunga. Jioni nakula kilichobaki, nimesimama, maana kuandaa meza ya mtu mmoja ni kujichokoza.

Siku ile ofisini nilipanga lile jedwali mara tatu, nikidhani nimekosea. Jumapili za eksirei walikuwa wakipokezana wawili tu, mama mmoja mwenye miwani mizito na bwana mmoja mrefu. Nikahesabu tangu tulipoanza. Jumapili arobaini na sita. Metroni akaja kuchukua kazi yake, akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni macho.

Nikampigia dada yangu. Yeye hakuhitaji hata kufikiri. Ana mke, akasema, na watoto wapo, na Jumapili ndiyo siku yao. Njia ya mwongo ni fupi, nenda ukamalizane naye. Nikamwambia labda karatasi zimekosewa. Dada akaguna, na mguno wa dada yangu naujua.

Jumamosi jioni Eksirei alikuja kwangu kama kawaida. Tuliongea kuhusu baba, kama anapenda mtu wa suti au shati tu linatosha. Nikamtilia chai. Nikamuuliza nikiwa nimempa mgongo.

"Kesho upo zamu?"

"Kama kawaida," akasema, na sauti yake haikutikisika hata kidogo. Hilo lilinitisha kuliko jedwali.

Jumapili saa sita mchana nilikuwa nikipanda ngazi za jengo lake. Kule nilikuwa nimefika mara nyingi, lakini siku za kazi. Ghorofa ya pili simu ikatetema mkononi, ujumbe wake:

"Nipo zamu mpenzi. Leo foleni imefika nje."

Nikabisha hodi, ufunguo alionipa nikauacha mkobani. Akafungua akiwa na kaptura na fulana kuukuu, kalamu mkononi. Aliponiona alirudi nyuma hatua moja, nami nikaingia.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo wa Jumapili."

"Hakuna mtu. Tafuta."

Nikatafuta, sioni aibu kusema. Bafuni, nyuma ya mlango, hadi uvungu wa kitanda, ambako nilikuta ndoo na viatu vyake vya kazini. Kwenye sinki kulikuwa na sahani moja na kikombe kimoja. Mezani gazeti limefunguliwa kwenye chemshabongo, amejaza nusu. Redio imezimwa. Sikuona kanga wala kitana wala mdoli wa mtoto. Nikaishiwa mahali pa kutafuta, nikasimama katikati ya chumba kama mtu aliyepotea njia.

"Jumapili arobaini na sita," nikasema. "Nimezihesabu. Ulikuwa wapi?"

Akakaa kitandani.

"Hapa."

"Ukifanya nini?"

"Nimekaa tu."

"Umekaa na nani?"

"Peke yangu."

Kisha akaongea, na nadhani hajawahi kuongea maneno mengi vile tangu azaliwe. Alikulia kwenye chumba kimoja, watu tisa, hakuna mlango wa kufunga. Kazini siku nzima watu wanalia mikononi mwake, na yeye anawaambia wasijitikise, washike pumzi. Mshahara wa kwanza alipanga chumba hiki. Jumapili ya kwanza alifunga mlango, hakuna aliyemuuliza kitu hadi jua likazama, na hajawahi kupata raha kama ile. Akasema hakuweza kuiacha. Akasema alijaribu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema sikupendi."

"Unanipenda?"

"Nakupenda sana."

Nikamwamini, na kumwamini ndiko kulikonivunja. 

"Mimi siku hiyo unayoitafuta ninayo hadi imenichosha," nikamwambia. "Kila Jumapili nakaa nakuonea huruma. Nasikia njaa kwa ajili yako. Ningemkuta mwanamke hapa ningejua nani ameninyang'anya. Sasa nikagombane na nani?"

Akainamisha kichwa. Akasema ananiomba radhi, na kwamba mke si mgeni, labda kwa mke itakuwa tofauti. Ile "labda" ikanibaki kichwani.

"Niangalie," nikasema. "Tukioana, Jumapili utakuwa wapi?"

Huyu mtu kwa simu, au nikimpa mgongo, alikuwa fundi wa kudanganya, lakini nilikuwa mbele yake, na nilitaka kweli hata kama itaniua. Akaangalia mlango, akaniangalia mimi.

"Nitakuaga naenda zamu," akasema.

Nikafungua mkoba nikatoa ufunguo wa mlango wake, nikauweka juu ya gazeti.

"Basi Jumamosi usije."

Hakunizuia. Alinisindikiza hadi kwenye ngazi, akasimama pale pale. Sikusikia mlango ukifungwa hadi nilipofika chini kabisa.

Barabarani jua lilikuwa kali na maduka mengi yamefungwa. Familia moja ilinipita, baba kambeba mtoto, mama kashika viatu vya mtoto. Nikaegemea ukuta wa duka la vitabu nikampigia baba, maana alikuwa tayari amewaambia ndugu zake wawili waje Jumamosi. Baba anaishi peke yake tangu mama afariki. Ni mwendo wa saa moja tu kwa basi, lakini mwaka ule nilikuwa nimekwenda mara tatu.

Nikamwambia mgeni haji tena. Akauliza amenifanyia nini. Nikasema hajanipiga wala hajanitukana, hataki tu mtu ndani siku yake ya mapumziko. Nikasikia baba anaburuta kiti akae.

"Basi njoo wewe," akasema. "Njoo hata sasa. Au Jumapili huna nafasi? Si ulisema siku hizi wanakuweka zamu kila Jumapili?"

Nilikuwa nimemwambia hivyo. Mwaka mzima, kila aliponiuliza nitakuja lini, nilimwambia Jumapili nipo kazini, ili nikae kwangu nisubiri mtu. Na kila mara alinijibu, "Pole na kazi, mwanangu."

Nililia hapo ukutani, watu wakinipita, na baba akasubiri kwenye simu.

"Sikuwa zamu, baba," nikasema. "Hata Jumapili moja."