Kadibodi Kavu

Duka la vipuri siku ya Jumamosi ni vurugu tupu. Mafundi walijazana kaunta, kila mmoja akipunga kipuri kibovu na kudai ahudumiwe kwanza. Nyuma ya kaunta binti mwenye blauzi ya njano na kilemba cha zambarau aliwajibu wote bila kukosea hata mmoja. Duka lilikuwa la mjomba wake, lakini ulimi ulikuwa wake mwenyewe.

"Kopo la oili, dada," alisema kijana mrefu mwenye ovaroli iliyorashiwa rangi za kila aina.

"Jingine? Si ulichukua juzi? Gari lako linakunywa kuliko mlevi."

Kaunta nzima ikacheka, na kijana akacheka nao. Kazi yake ilikuwa kupaka magari rangi, na mtaa mzima ulimwita Rangi.

"Linavuja kidogo tu. Gari zee lisilovuja halina oili, hujasikia?"

"Nimesikia. Husemwa na watu wanaosukuma."

Binti alipotoka kulitazama, akalizunguka mara mbili. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, jekundu, limelala chini karibu liguse lami, na lilikuwa limezeeka kuwazidi wote wawili. Lilikuwa la kaka yake Rangi, aliyefariki kwa maradhi ya figo. Rangi alikuwa amelipaka upya mpaka binti aliona uso wake kwenye mlango. Chini yake doa jeusi lilikuwa likipanuka polepole.

Jioni hiyo hiyo Rangi akampigia simu.

"Vipuri, umelala?"

"Duka limefungwa, mteja."

"Sitaki oili. Nataka sauti."

"Sauti hatuuzi rejareja."

"Basi nifungie katoni."

Ndivyo walivyoanza. Penzi lao lilikolea haraka, na kila walipokaa ndani ya gari lile, vioo vikiwa wazi, harufu nyembamba ya kitu kinachoungua ilikaa nao.

Jumapili moja binti alikunja mikono ya blauzi. Waliisafisha injini, ikakauka, akainyunyizia poda ya watoto, wakazunguka mtaa mara moja. Waliporudi, mchirizi mweusi ndani ya poda nyeupe ulionyesha wazi ulikoanzia. Gasketi, mpira unaoziba kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imechoka. Oili nyingine ilidondoka ardhini, na nyingine iliangukia bomba la ekzosi na kutoa moshi wa buluu.

"Hii ya chini ni uchafu tu," alisema. "Hii ya kwenye bomba ni moto unaosubiri siku yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, mpenzi."

"Nitabadilisha, roho yangu."

Binti akamletea gasketi mpya, ameifunga kwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Rangi akaibusu, akaitia chini ya kiti, na kila jioni akatandika kadibodi chini ya injini. Asubuhi alihesabu matone, akaongeza oili kiasi hicho bila kupima kwa kijiti, akaenda kazini.

Hakuwa mzembe. Kaka yake ndiye aliyeifunga injini ile kwa mkono wake, na gundi ya silikoni ilipochuruzika ukingoni mwa kifuniko aliibonyeza kwa dole gumba. Gundi ikakauka na alama ya dole lile, mistari yote ikionekana. Kufungua kifuniko ni kuipasua. Rangi hakuwa na kitu kingine cha ndugu yake chenye ngozi namna ile, na aliona haya kulisema. Wanaume wengine watakuonyesha mshahara wao kabla ya kukuonyesha huzuni yao.

Binti hakujua hayo. Alijua tu kwamba siku alipoinama kutafuta hereni iliyodondoka, aliikuta gasketi yake chini ya kiti, utepe haujafunguliwa.

"Hii ni nini?"

"Nilikuwa nangoja nafasi..."

"Miezi yote hii? Nakuambia utaungua, wewe unanichekea. Una mke tayari, Rangi. Amepakwa rangi nyekundu."

"Vipuri, nisikilize."

"Nimesikiliza mpaka nimechoka. Sisemi tena."

Na kweli hakusema tena. Alipopigiwa alijibu "sawa" na "haya," akakata. Rangi, maskini, akadhani hasira zimepoa. Wiki ile kadibodi nayo ikaanza kukauka. Kwanza tone moja moja, kisha hakuna kabisa. Aliona dalili mbili njema kwa pamoja, akafurahi moyoni, na kopo la oili likabaki limefungwa kwenye buti.

Siku Rangi alipompeleka mama yake kumwona mama mkubwa, kwa barabara ya mlimani, alituma ujumbe wa sauti. Binti aliufungua kaunta, watu wakiwa wamejaa.

"Vipuri, habari njema! Gari limepona lenyewe, kadibodi kavu. Tunapanda mlima na mama. Nikirudi tuzungumze, roho yangu."

Mteja mmoja alikuwa akiuliza bei ya plagi. Binti hakumsikia. Alisikia ule utani wa siku ya kwanza, gari zee lisilovuja halina oili.

Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na safari hii ikapokelewa na sauti ya mwanamke mtu mzima. Simu ilikuwa mapajani mwa mama.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Hawakuwa wamewahi kusemezana. Huyu ndiye angekuwa mama mkwe wake, kama Mungu angependa.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule wa vipuri? Hujambo? Na nyumbani hawajambo?"

"Hatujambo mama, mwambie azime..."

"Mjomba wako naye? Nimesikia habari zako nyingi, hata mwanangu analala anakutaja."

"Mama, nisamehe nakukatiza. Mwambie azime gari! Sasa hivi! Shukeni!"

Ndani ya simu injini ilisikika ikigonga, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani.

"Mbona kuna harufu ya kuungua," mama akasema taratibu. Kisha simu ikakatika.

Mjomba hakuuliza swali. Aliwafukuza wateja, akatoa pikapu. Njia nzima binti alipiga simu isiyopatikana, na kwenye kila kona aliona moshi, hata ulipokuwa ukungu tu.

Aliwakuta juu kabisa. Mama alikuwa ameketi jiweni, mtandio umejaa masizi. Boneti ilikuwa imebabuka, rangi nyekundu imetoka mapele, na Rangi alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa mchanga aliozimia moto. Alikuwa analia waziwazi.

Binti akamkumbatia kwanza. Maneno yakaja baadaye.

"Kijiti cha kupimia oili kimetoka kikavu," Rangi akasema. "Ningemuua mama yangu." Kisha akamwonyesha ukingo wa nyuma wa kifuniko, ambako moto haukufika. Alama ya dole la kaka yake ilikuwepo. Akamweleza yote.

"Ungeniambia, mjinga wewe," binti akasema, naye machozi yakimtoka. "Ningeivua kwa wembe, taratibu, bila kuipasua."

Na ndivyo alivyofanya, siku walipoifungua injini iliyokaba kwa kukosa oili. Kile kipande cha gundi kikatoka kizima. Mama alikipapasa kwa kidole chake, akakifunga kwenye pindo la mtandio, akaingia ndani.

Ukarabati ulichukua miezi. Siku ya kufunga kifuniko, Rangi aliifungua gasketi yenye utepe mwekundu, akaipaka gundi, akakaza nati. Gundi ikachuruzika ukingoni.

"Weka dole lako hapa," akasema. "Lakini ukiweka, hutoki tena."

Binti akabonyeza.

Asubuhi yake waliichungulia kadibodi pamoja. Katikati palikuwa na tone moja jeusi.

"Bado linavuja," Rangi akasema kwa unyonge.

"Afadhali." Alikuwa tayari ameshika kijiti mkononi. "Na mimi, Rangi, siku nikinyamaza, usije ukasema nimepona. Njoo unipime."