Kipande cha Mti Uliogeuka Jiwe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kagure hukatia ng'ombe majani ya nepia. Ijumaa hiyo panga lilikataa kukata. Kaka yake, Mwai, alikuwa ameangusha kinoo, lile jiwe la kunolea, kikavunjika, naye akanyamaza. Baba alipoona nepia iliyochanika ovyo alimkaripia Kagure kuwa ni mvivu. Mwai aliendelea kunywa uji wake. Kagure aliondoka Karatina na wanafunzi wenzake akiwa bado amefura kwa hasira.

Siku hiyo walikwenda msituni kuona mti uliogeuka jiwe. Askari wa msitu, Bwana Kihara, aliwaonyesha gogo refu. Aliwaeleza kwamba lilifukiwa zamani sana, maji yenye madini yakalipenya polepole, na sasa lilikuwa jiwe tupu. Hata miviringo ya umri wake ilionekana. Gathogo, mmoja wao, aliuliza kama mwanafunzi anayesinzia darasani anaweza kugeuka jiwe pia, wakacheka.

Kagure hakucheka. Alikuwa ameona kipande bapa kilicholegea. Alikitemea mate, akakisugua kwa kidole gumba. Kilikwaruza vizuri. Akakitia mkobani, chini ya viazi vyake vya mchana.

Walipokuwa wakiondoka, Bwana Kihara aliona pengo kwenye gogo. Alisema kwa ukali kwamba shule yao haitakanyaga hapo tena. Kisha akamgeukia Ntinyari, msichana aliyehamia kwao kutoka Meru muhula huo, kwa sababu ndiye aliyebaki nyuma akilichora gogo.

"Fungua mkoba."

Mkobani mlikuwa na daftari na chapati tu. Akamwamuru avue viatu.

"Mgeni wa juzi, na tayari anatuharibia jina," mtu akanong'ona.

Ntinyari alimtazama Kagure. Alikuwa amemwona akitema mate kwenye jiwe. Machozi yalimlengalenga, lakini hakusema kitu.

Kagure alichemka. Alimkasirikia askari, akamkasirikia yule aliyenong'ona, hata Ntinyari kwa kunyamaza. Kisha akamkumbuka Mwai na uji wake. Hasira yote ikamrudia mwenyewe.

"Ni mimi," alisema, akikitoa kile kipande. "Nilitaka kinoo. Kwani mawe si yamejaa huku?"

Bwana Kihara alikirudisha pengoni. Miviringo ikaungana.

"Mawe yamejaa," alisema. "Lakini huu ni mti. Kila mgeni akienda na kinoo chake, wadogo zenu nitawaonyesha nini? Shimo?"

Alimwomba Ntinyari radhi, naye Kagure akafanya hivyo mbele ya wote. Askari akasema wanaweza kurudi mwaka ujao, ila Kagure atasimama kando ya gogo awaeleze wengine kwa nini haliguswi.

Njiani kurudi, Kagure alimweleza Mwalimu Warigia, aliyekuwa amewaleta, habari ya Mwai. Mwalimu hakumhurumia.

"Asubuhi kaka yako alinyamaza, ukakaripiwa bure," alisema. "Ulijua vile inauma. Mchana ukamfanyia Ntinyari vilevile. Kosa ukilificha, kuna mwingine analibeba. Siku nyingine sema mapema, kabla mwenzako hajavuliwa viatu."