Nguzo ya Tatu

Mvua za El Nino zilipokwisha, mwaka wa 1998, Thuranira alipewa kazi ya kuziba nyufa za daraja kuukuu la mawe, chini ya mtaa wa Kinoru. Asubuhi hiyo jua lilikuwa zuri. Mwenzake Mwaniki alikoroga simiti huku akipiga mluzi, na akina mama wenye ndizi za Mitunguu walivuka kwenda sokoni.

Hakuna aliyemsalimia Thuranira. Mmoja alitema mate karibu na mwiko wake.

Saa nne hivi ajuza mmoja aitwaye Kanana alisimama ukingoni.

"Wewe ni wa Muthamia?"

"Mjukuu wake, shosho."

"Babu yako alikuwa nyapara hapa, wakati wa Emajensi ya Wazungu. Mawe haya tuliyabeba kwa mgongo. Kaka yangu Ngari akashikwa na homa. Akashuka kwenye msingi wa nguzo ya tatu, akaketi apumzike kidogo. Babu yako akasema kazi haingojei mvivu. Akaamuru mawe yamwagwe juu yake."

Thuranira aliuweka mwiko chini. Nyumbani kwao walisimuliwa tu kwamba babu alijenga daraja, wakajivunia.

"Mimi sikuwepo, shosho."

"Ngari yupo," Kanana alisema, akaenda zake.

"Hii ya tatu tuiache, bwana," Mwaniki alinong'ona.

Thuranira alikasirika. Aache kazi kwa maneno ya kikongwe? Akachukua nyundo na patasi, akaingia mtoni, maji yakamfika magotini, akaigonga nguzo ya tatu kwa nyundo akitafuta mawe yaliyolegea. Mara tatu.

Ndani kukajibu. Mara tatu.

Akajiambia ni mwangwi. Akagonga mara moja tu.

Kimya.

Kisha ndani kukagongwa, kukagongwa, bila kukoma, kama mtu aliyesikia watu wakipita nje ya mlango. Mwaniki alitupa sepetu na kukimbia. Thuranira alisogeza sikio kwenye ufa. Hewa iliyotoka humo ilikuwa na joto, na harufu ya jasho.

"Muthamia," sauti ilisema, taratibu. "Sasa nimepumzika. Nitoe."

Patasi ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kubomoa. Aliwaza mji mzima ukijaa ukingoni, mifupa ikitolewa, jina la babu yake likitajwa. Akairudisha patasi ukingoni. Akachota simiti, akaanza kuziba.  Akaziba. Sauti ikamsihi. Akaziba. Sauti ikawa nyembamba, kisha ikazimika. Naye akakimbia.

Alihamia Ishiara mwezi huohuo. Hakushika mwiko tena, wala hakumwambia mkewe sababu.

Mwaniki ndiye aliyerudi darajani siku ya pili baada ya kukimbia, kuchukua vifaa. Simiti ilikuwa imekauka. Katikati yake palikuwa na kiganja cha mtu mzima, vidole vitano, hadi mikunjo ya ngozi. Hakikuwa alama iliyobonyea. Kilikuwa kimetokeza nje, kama cha mtu anayesukuma.

Na kucha zilikuwa zimeanza kutoboa.