Saruji ya Kijivu

Jumamosi, saa nne asubuhi.

Chanuo lilikuwa mlango. Mashine ya kunyoa ilikuwa kitanda. Brashi ya poda ilikuwa ukumbi wa Kaloleni, ng'ambo ya uwanja.

Frankline alivipanga mezani kimoja kimoja, katika chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja wa Ziwani. Mbele, redio ilipiga kelele na mteja alikuwa akinyolewa kipara. Nyuma, watu wanne waliinamia meza.

"Nyumba ni chumba kimoja na jikoni," Frankline alisema. "Mlango mmoja. Mzee analala hapa. Chini ya kitanda saruji ni ya rangi nyingine. Sakafu yote nyekundu, hapo kijivu. Upana wa sinia. Si ndiyo, Naku?"

Nakhumicha aliitikia kwa kichwa. Yeye ndiye aliyeiona, akipiga deki. Alikuwa akimpikia na kumfulia mzee huyo kwa mwaka wa pili sasa. Alimwambia Frankline habari ya ile saruji jioni moja wakila viazi, kama mtu anavyomwambia mpenzi wake mambo ya siku. Hakujua kwamba alikuwa akiuza kitu.

"Na kelele?" aliuliza Yonis. Yonis alikuwa fundi wa kubomoa kuta katika maduka ya Eastleigh. Drili ilikuwa yake.

"Leo ukumbini kuna harambee ya matanga. Spika kama kabati. Zikiwashwa, hata ukipiga bunduki watadhani ni besi."

Austine, dereva, alicheka. "Sawa, buda. Lakini hiyo dhahabu, nani aliiona kwa macho?"

"Babu yangu."

Akawasimulia. Miaka ya sitini vijana walipelekwa ng'ambo kusoma. Kuna ndege zilizokwenda Amerika na kuna zilizokwenda Urusi. Waliotoka Amerika walirudi wakapewa ofisi. Amolo, mzee huyo huyo wa Nakhumicha, alitoka Urusi, akapewa mtu wa kumfuata nyuma. Mtu huyo alikuwa Gordon, babu yake Frankline, kachero wa serikali.

"Serikali iliogopa wakomunisti kama kipindupindu," Frankline alisema. "Ilimlipa babu zaidi ya miaka kumi, kazi yake kumchunga mzee mmoja tu. Hii serikali unaijua. Inaweza kulipa mtu bure?"

"Hata walimu hailipi," alisema Austine.

"Basi. Kila mwezi babu alipeleka ripoti. Dhahabu ya Mrusi, inaingia kidogo kidogo. Nyanya alinisimulia mpaka siku ya kufa kwake."

Yonis alikuwa akijifuta vumbi la jana kwenye kucha. "Babu yangu alikuwa askari Mogadishu," alisema. "Warusi walikuja, akavaa kofia yao. Wakaondoka. Wakaja Waamerika, akavaa yao. Hakuna aliyeachiwa dhahabu. Waliacha bunduki."

"Nyinyi mlikuwa nchi nzima, mngegawana nini? Huyu alikuwa mmoja."

Hapo hata Yonis alicheka. Nakhumicha hakucheka.

"Mzee asiguswe," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Ana pumu, Frank. Asiguswe."

Frankline alimwekea tembe mbili kiganjani na kukifunga kiganja kwa mkono wake. "Saga utie kwenye chai. Atalala kama mtoto. Akiamka tumeshaenda, mimi na wewe."

"Niapie."

"Haki ya babu."

Saa saba unusu.

Mzee Amolo alikuwa ameketi kitandani akitengeneza stovu ya jirani. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vyeusi kwa masizi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu arudi. Alikuwa amesomea injini za treni, lakini hakuna ofisi iliyotaka cheti chake.

"Binti, umekula?" aliuliza. Aliuliza hivyo kila siku.

"Nimekula, mzee."

"Unadanganya. Kuna mandazi kwenye sufuria."

Nakhumicha alipokuja kufanya kazi hapa, majirani walimvuta kando. Usinywe maji ya huyo, walisema, ni mkomunisti. Walisema bila kucheka. Alipomuuliza mzee neno hilo lina maana gani, mzee alipangusa masizi vidoleni. "Hata mimi niliambiwa nilipofika uwanja wa ndege," alijibu. "Kule nilikokuwa waliniita Mwafrika."

Chai ilichemka. Nakhumicha alizitoa tembe na kuzitazama. Akautazama mkono wa mzee, kifundo chake kama fimbo ya ufagio. Frankline hakujua dawa hizo zingeufanya nini moyo wa miaka themanini na kitu. Yeye pia hakujua. Alitoka nje hadi mtaroni akazitupa.

Afadhali nimtoe nyumbani, aliwaza. Wachimbe wamalize bila yeye.

"Mzee, twende ukumbini. Kuna harambee. Jua ni zuri leo."

"Ya nani?"

"Ya mama Awiti, wa kule nyuma, aliyefiwa."

"Mchukulie hizi." Alitoa noti mbili chini ya mto. "Mimi siendi. Nikiingia watu hunyamaza. Si vizuri kunyamazisha watu kwenye msiba."

"Twende tu, mzee. Tafadhali."

Mzee aliinua macho. Huyu binti hakuwa na kawaida ya kubembeleza. "Kuna nini, Nakhumicha?"

Kabla hajajibu, spika zilinguruma ng'ambo ya uwanja na gari likasimama mlangoni.

Saa nane.

Frankline aliingia kwanza, na mtaimbo. Yonis alimfuata, drili begani. Austine alibaki kwenye usukani.

Mzee alikuwa macho kabisa, kikombe mkononi.

"Naku. Ulimpa?"

"Nilimpa."

Frankline alimtazama. Alijua. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa na muziki ulikuwa umeshaanza. Alimkalisha mzee kwenye kiti, akachana shuka, akamfunga mikono.

"Uliniapia," Nakhumicha alisema.

"Wewe pia ulisema utafanya. Nenda nje, ufue. Mtu akija, imba."

Nakhumicha alichukua dawa ya mzee ya kuvuta iliyokuwa juu ya redio, akamtia Frankline mkononi. "Akikosa hewa, mpe hii. Frank. Unasikia?"

"Nasikia."

Aliitia mfukoni. Nakhumicha alitoka, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatumbukiza shati la mzee kwenye beseni.

Ndani, walisukuma kitanda. Saruji ya kijivu ilikuwa pale, kama alivyosema.

"Wewe ni mjukuu wa Gordon," mzee alisema. "Una masikio yake."

Frankline aliweka ncha ya mtaimbo kwenye saruji.

"Hapo mnapotaka kuchimba, polisi walishachimba. Mwaka wa sabini na moja. Saruji hiyo niliimwaga mimi baadaye."

Yonis alikuwa ameshika drili tayari. Akaiteremsha. "Walipata nini, mzee?"

"Mchanga."

"Mwongo," alisema Frankline. "Babu aliandika. Miaka yote hiyo aliandika dhahabu."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Nyakwara, mjukuu wangu, hiyo dhahabu tuliitunga hapa. Mimi na yeye, kwenye kitanda hicho." Alipumzika, akavuta pumzi. "Babu yako alinifuata mwaka mzima. Nikaenda kutafuta kazi, nikakosa, nikarudi, nikalala. Angeandika nini? Wakubwa wake walisema watamfuta kazi. Siku moja akabisha hodi, akaingia, akalia. Alikuwa na watoto watano. Nikamwambia, Gordon, andika dhahabu. Mrusi maskini hatawatisha."

Muziki ulipungua kidogo, kisha ukapanda tena.

"Walipokuja kuchimba, yeye ndiye aliyeshika taa. Kesho yake akaja kunisaidia kuchanganya saruji. Baba yako alisomeshwa na dhahabu hiyo, kijana. Mimi sikujuta. Hata leo."

Yonis aliweka drili chini. "Frank, twende."

"Unamuamini?"

"Mtu mwenye dhahabu hatengenezi stovu."

"Anajifanya! Miaka yote hiyo anajifanya!" Mishipa ilimsimama Frankline shingoni. Katika ukoo wao baba alikuwa mlevi, ami alikuwa jela, na yeye alikuwa yeye. Babu Gordon peke yake ndiye aliyekuwa mtu. Picha yake yenye koti na tai ilining'inia kwa nyanya mpaka nyumba ilipobomolewa. "Unasema babu yangu alikuwa mwongo?"

"Alikuwa rafiki yangu," alisema mzee.

Frankline alikunja kipande cha shuka akamziba mzee mdomo. Hakumpiga. Hakutaka kusikia tena, basi.

"Chimba," alimwambia Yonis.

"Frank..."

"Chimba, au niichukue mwenyewe."

Yonis alichimba. Drili ilipiga yowe, saruji ikapasuka, vumbi likapanda. Dirisha lilikuwa limefungwa ili watu wasione. Muda si muda chumba kilikuwa cheupe kama kinu cha unga. Yonis alijifunga leso puani. Frankline alizoa vifusi kwa mikono. Chini ya saruji palikuwa na mchanga. Chini ya mchanga, udongo mweusi. Wote wawili walikuwa wamempa mzee mgongo.

Saa tisa kasorobo.

Austine aliusukuma mlango. "Mbona mnakawia? Mmepata, mnanificha?"

"Hakuna kitu bado."

"Bado? Mnaitia wapi?" Alimshika Yonis mifuko. Yonis alimsukuma. Austine akaingia shimoni, akafukua kwa kucha, akitukana. Frankline akamvuta kwa kola. Walishikana ukutani, sufuria zikaanguka, mandazi yakatawanyika kwenye vumbi.

Nje, Nakhumicha aliacha kufua. Drili ilikuwa imenyamaza. Alizisikia sauti za vijana. Alisikiliza kikohozi cha mzee, kile kikohozi alichokisikia kila asubuhi kabla hata ya kubisha hodi. Hakukisikia.

Akaingia.

Mzee alikuwa amelaza kidevu kifuani. Nywele, nyusi, magoti, vyote vilikuwa vyeupe. Nakhumicha alimchomoa kitambaa mdomoni.

"Dawa! Frank, dawa iko wapi?"

Frankline alipapasa mfuko mmoja, kisha mwingine. Mikono yake ilikuwa na udongo, ikateleza. Alipoitoa, Nakhumicha alimnyang'anya, akaiweka kwenye midomo ya mzee, akabonyeza. Ilitoa pumzi yake yenyewe. Mzee hakuivuta. Akabonyeza tena.

"Amelala," alisema Austine. "Si umempa tembe?"

"Sikumpa!" alilia. "Sikumpa, niliogopa zitamuua!"

Yonis alivua leso puani, akamtazama mzee, akasema maneno ya sala kwa sauti ya chini. Kisha akapita mlangoni na kuiacha drili yake. Austine alimfuata mbio. Gari likaondoka.

Nakhumicha aliuweka mkono kifuani pa mzee. Alihisi kitu. Au ulikuwa mpigo wa kidole chake mwenyewe. Alikata uwanja akikimbia, povu la sabuni likimdondoka viwikoni.

Alijua neno ambalo lingewatoa watu wote vitini. Mwizi. Alijua pia neno hilo huja na mawe na petroli. Frankline alikuwa bado ndani. Hakulisema.

"Nisaidieni!" alipiga kelele mlangoni pa ukumbi. "Gari! Mwenye gari! Mzee Amolo anakufa!"

Mshereheshaji alipunguza muziki. "Nani, dada?"

"Mzee Amolo!"

"Yule Mrusi," mtu alisema. Watu waligeuka, wakamtazama, wakatazamana. Mwanamke mmoja alisema pole. Kijana mmoja aliuliza kama mzee hana watu wake. Hakuna aliyesimama.

Nakhumicha aliwatazama wote. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema kidogo. Sasa alisema maneno manne.

"Wanachimba dhahabu ya Mrusi."

Viti vilianguka. Ukumbi mzima ulimpita mlangoni kama maji.

Saa tisa.

Frankline hakukimbia. Walimkuta ndani ya shimo lililofika kiunoni, akichimba kwa mtaimbo. Walimtoa kwa ngumi na mateke. Polisi wawili waliokuwa wakilinda harambee ndio waliomwokoa, wakamfunga pingu, jicho moja likiwa limefumba kwa uvimbe. Alimwona Nakhumicha mlangoni.

"Naku," alisema, bila hasira. "Nimekaribia. Waambie wasiache."

Wakamburuta.

Nakhumicha alimfungua mzee mikono. Alimwegemeza kitandani, akaketi kando yake, akampangusa vumbi usoni kwa lile shati bichi. Mkono ulikuwa umeanza kupoa. Aliuliza nani ana gari. Aliuliza tena. Watu walikuwa wengi chumbani, wamempa mgongo, wamelizunguka shimo.

"Washatoa?"

"Hapana, hawakufika chini."

"Leta koleo kwa Akech. Leta mbili!"

Polisi mmoja, kijana aliyeajiriwa juzi, alirudi kuandika majina. Alimwinamia mama mmoja aliyekuwa akitazama shimo. "Huyu marehemu alikuwa nani?"

"Mkomunisti."

"Mkomunisti ndiyo nini?"

Mama hakuondoa macho shimoni. "Ni watu wa kitambo," alisema. "Walikuwa na pesa."

Polisi aliandika. Kisha aliifunga kalamu, akasogea karibu na shimo, akachungulia.

Koleo zilifika. Saruji nyekundu ilianza kuvunjwa, kutoka shimoni kuelekea ukutani, kisha kuelekea kitandani. Mwanamume mmoja mwenye suti ya msiba, jasho likimtiririka, alimgusa Nakhumicha begani kwa adabu.

"Samahani, dada. Msogeze mzee miguu kidogo."

Nakhumicha aliinama, akamvua mzee viatu, akavishika mapajani. Kisha akampandisha miguu kitandani, mmoja baada ya mwingine.