Kanzu ya Kalenga

Kitendawili, mujukuu! Sina mufupa, ninakaa ndani ya maji usiku na mchana, na ninaweza kutenganisha watu waliokula sahani moja. Mimi nani? Unasema ulimi? Umepata. Basi kaa, nikupe habari ya Télesphore.

Télesphore alikuwa fundi wa nguo hapa Kalemie. Kila asubuhi rafiki yake Kalenga, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, alipita barazani kumsalimu. Télesphore alikuwa Mkatoliki. Kalenga alisali na wale wa kanzu nyeupe, wanaoomba kando ya ziwa bila viatu. Walitaniana toka utoto.

Mwaka ule vyama vingi viliruhusiwa Zaire. Waliokuwa wakinong'ona sasa walisema kwa sauti. Siku moja Kalenga akaleta kanzu yake ishonwe mkono uliochanika. Jioni Télesphore akaivaa, akaingia nayo baa. Akapiga magoti, akaiga maombi ya Kalenga, akabatiza meza kwa bia. Watu wakacheka mpaka machozi.

Kalenga alikuwa anapita. Akasimama mlangoni.

"Télesphore, ulitaka kuniuliza kitu, ao ulitaka kuniumiza?"

Télesphore akainua chupa. "Demokrasia, ndugu! Kila muntu anasema!"

Vijana wa kanisa la Kalenga walitaka fundi apelekwe kwa jandarme, afungwe. Kalenga akakataa. "Mdomo ni wake. Asifungwe." Lakini wiki mbili hakupita barazani.

Bertille, mke wa fundi, alifundisha akina mama kusoma. Akamwambia mume wake, "Papa, unakula kama mugonjwa."

"Nilivunja sheria gani? Si tuko huru?"

"Tuko huru. Sema hauamini dini yake. Mubishane mpaka mate yakauke, hakuna wa kukufunga. Lakini pale haukubishana. Ulitafuta pahali panapomuuma, ukakanyaga. Tena na kanzu aliyokuachia mwenyewe!"

"Watu walicheka."

"Na yeye?"

Télesphore akainuka, akatafuta sabuni. Akafua kanzu mara tatu, akashona mkono, akapiga pasi ya makaa. Akaipeleka ziwani, maombi yalipokwisha.

Kalenga akainusa. "Eh! Umemaliza sabuni yote ya Mama Bertille." Akacheka kidogo, akasogea kwenye mchanga. "Kaa."

Télesphore akakaa. "Kalenga, kwa nini munavua viatu?"

"Leo njo unauliza! Tuko na mvi! Kesho nitapita kwako, nikueleze mpaka uchoke. Lakini mimi niliuliza kwanza, pale baa, na haukujibu."

Fundi akamtazama usoni.

"Kukuumiza," akasema. "Nilijua utaumia, nikafanya. Nisamehe, ndugu yangu."