Nilisema Wifi Yangu Hakufunga Mkanda

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeachika, sina mtoto. Siwaandikii wasomaji wenzangu ili mnionee huruma. Sistahiki! Nawaandikia kwa sababu maneno yangu yalimuua mtu aliyeniamini...

Nilifika Dubai nikiwa na miaka tisa, wazee wetu wakitokea Unguja. Tulikaa mtaa wa Al Baraha. Baba alipofariki, kaka yangu Hamdu akawa mkuu wa nyumba. Vibali vyetu vya kuishi nchini, mimi na mama, vilisimama kwa jina lake. Nani angethubutu kumkanya?

Akamuoa Hadija, binti wa Kiislamu kutoka Uganda aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi hotelini. Alikuwa mcheshi, mwenye bidii, na Kiswahili chake kikituchekesha. Hamdu akamwachisha kazi. Haikutimia miezi sita, akaanza kumpiga. Kwanza makofi. Kisha ngumi. Kisha mateke! Nilikuwa nikisikia kichwa chake kikigonga ukuta, nami jikoni naendelea kukata vitunguu...

"Wifi, nisaidie kuongea na yeye," aliniomba siku moja, jicho limevimba.

Nikamwambia avumilie, ndiyo ndoa.

Mwaka 2017 ikaja sheria mpya ya barabarani. Kila aliyemo garini afunge mkanda, hata wa kiti cha nyuma. Sisi tulizoea kukaa nyuma tutakavyo. Hadija aliishika sheria ile kuliko sote. Mlango haujafungwa, mkanda wake keshaufunga.

Ijumaa moja tulialikwa chakula cha mchana kwa shangazi yetu, mtaa wa Mirdif. Katika mazungumzo Hadija akamwambia shangazi kwamba angependa kurudi kazini. Hamdu akatabasamu tu. Nililijua tabasamu lile!

Tukaondoka saa kumi alasiri. Hamdu anaendesha, mimi kando yake, Hadija nyuma yangu. Tulipoingia barabara kuu akaanza.

"Umenidhalilisha mbele ya shangazi yangu! Mimi siwezi kukulisha?"

"Hapana, mume wangu. Nilisema kazi tu..."

Hakumaliza. Hamdu alishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili akaurusha nyuma, ukampata mdomoni. Hakutosheka. Akachukua chupa ya chai ya chuma iliyokuwa kati yetu, akampiga nayo gotini, begani, usoni. Nilisikia meno yakivunjika! Damu ikanirukia shingoni, ya moto...

Mnajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio.

Ndipo Hadija akafungua mkanda, ahamie nyuma ya kiti cha dereva, mahali mkono wa mumewe usipofika. Niliusikia mlio wa kifungo kwa masikio yangu. Hamdu akajigeuza zaidi, anamtafuta. Dakika hiyohiyo pikapu ya mizigo ikaingia njia yetu bila ishara yoyote. Macho ya Hamdu yalikuwa nyuma!

Tuliivaa ile pikapu kwa kishindo. Gari likazunguka, likapiga ukuta wa barabara. Hadija alirushwa katikati yetu kama furushi, akagonga kioo cha mbele kwa kichwa, mwili ukapinda na kubaki umepinda. Mimi na Hamdu mikanda yetu ilitushika. Nilitoka na michubuko.

Hadija alivunjika uti wa mgongo. Daktari alisema hatatembea tena.

Polisi walimlaumu dereva wa pikapu kwa kuingia njia yetu, kwa hiyo fidia ya Hadija ingetoka kwa bima ya dereva huyo. Lakini bima wakauliza swali moja. Je, abiria alifunga mkanda? Kwa sheria mpya, walisema, asiyefunga anabeba sehemu ya lawama ya kuumia kwake.

Shahidi nilikuwa mimi peke yangu. Hamdu akanivuta kwenye ukumbi wa hospitali.

"Utasema alikataa kufunga tangu tunaondoka. Khalas, yameisha!"

Mama akalia, akanishika mikono. "Mwanangu, ukisema kweli ndugu yako atafungwa. Na sisi tutakwenda wapi?"

Nikasema uongo polisi. Nikaurudia mahakamani, Hadija akiwa mbele yangu kwenye kiti cha magurudumu. Yeye alieleza yote, chupa, damu, kwa nini alifungua mkanda. Mimi nilipoulizwa, nilijibu kwa upole kabisa, "Aliumia kichwa. Hakumbuki vizuri."

Hadija hakulia. Aliniangalia tu, akasema, "Wifi..."

Fidia ikakatwa, akapewa sehemu ndogo. Hamdu akampa talaka, naye akapakiwa kwenye ndege kurudi kwao.

Baada ya hapo Hamdu alikosa wa kumpiga. Akanigeukia mimi!

Zaidi ya mwaka ulipita. Siku moja akaona kwenye simu yangu picha niliyotumiwa mwezi mmoja kabla na mama yake Hadija. Vidonda vya kulala vilikuwa vimemla mgongo hadi mfupa ukaonekana, na mama huyo aliandika kuwa fedha ya kumtibu imekwisha. Hamdu akapandwa na wazimu. Akauweka mkono wangu kwenye fremu ya mlango, akaubamiza mlango. Mara tatu! Nilisikia mfupa ukivunjika...

Hospitalini mama yangu akamwambia daktari, kwa sauti ya upole, "Ameteleza bafuni."

Ndugu zangu, pale nilipata kuonja alichoonja Hadija.

"Si kweli," nikasema. "Niitieni polisi."

Nikawaeleza yote, mkono wangu na mkanda wa Hadija. Hamdu akafungwa. Na mimi nikafungwa miezi kadhaa kwa ushahidi wa uongo, kisha nikarudishwa Unguja, mahali nisipomjua mtu. Sikulalamika.

Lakini siku ileile niliposema, kabla sijaingia jela, nilipiga simu Uganda. Nilitaka Hadija asikie kwa kinywa changu kwamba nimesema, na kwamba wakili anaweza kuomba kesi ifunguliwe upya. Akapokea mama yake.

"Hadija tumemzika wiki tatu zilizopita," alisema. "Vidonda ndivyo vilimmaliza. Alikuwa anakungoja, binti yangu. Kila siku alisema, wifi yangu ana roho nzuri, ataongea tu."



Kwa uongo nilifungwa. Kwa kifo chake hakuna aliyenishitaki, nami najihukumu kila nikiamka. Nawasihi, funga mkanda, na mfungie mwenzako. Lakini ukiona mtu anapigwa, usiongeze sauti ya redio! Sema siku hiyohiyo, hata kama ni kaka yako, hata kama unakula kwake. Mimi nilisema nikiwa nimechelewa kwa wiki tatu.